Paka Majivu Kwanza

Somoe, vuta kigoda, kaa.
Ukungu wa Newala haujainuka bado,
hakuna aliyekuona ukiingia kwangu,
na hata akikuona atasema wanabangua korosho.
Ndiyo. Tunabangua.

Paka majivu kwanza. Vidole vyote, mpaka kwenye kucha.
Ganda hili lina mafuta yanayounguza.
Tazama gumba langu, hilo kovu ni la msimu wa kwanza,
nilipodhani ujasiri ni kushika kwa mkono mtupu.

Jana kwenye foleni ya maji ulininong'oneza:
Asumini ameuliza.
Miaka kumi, na kusoma anajua.
Amelisoma kopo herufi kwa herufi,
akalirudisha nyuma ya sanduku,
akaja jikoni: "Mama, mimi na wewe tunaumwa nini?"
Ukamjibu, kifua.
Kifua gani, Somoe,
kisichokohoa mchana,
kinachokumbuka dawa saa mbili kamili
redio ikianza habari?

Sikucheki. Mimi nilisema presha.
Chande wangu ana miaka saba, na presha!
Mwalimu akaniita shuleni
nikamweleze vizuri kuhusu mtoto huyu,
wa kwanza tarafa nzima.

Sasa ona. Isimamishe kwa ubavu.
Gonga kidogo. Geuza. Gonga tena.
Ukigonga kwa hasira unapata vipande,
na vipande mnunuzi anavilipa nusu.
Leo mwambie: kuna mdudu kalala kwenye damu yetu,
dawa ndiyo inayomlaza.
Inatosha kwa leo.
Akiuliza jina la mdudu, mpe jina, usimung'unye.
Na siku akiuliza katoka wapi

hapo mimi niliungua.
"Ni wewe uliyenipa?"
Nikasema ndiyo, mwanangu, nilikuwa sijui.
Akatoka. Akaishia kwenye mikorosho.
Saa mbili ikapita, habari zikasomwa zikaisha,
wakasoma mpaka vifo na matanga,
mimi mlangoni na taa, sijameza, sitaki kumeza.
Akarudi miguu imejaa tope.
Hakunitazama.
Akashusha makopo yote mawili,
akatoa chake, akatoa changu,
akanisukumia kikombe cha maji.
"Umechelewa," akasema.
Hilo tu. Wiki nzima hilo tu.

Usilie, utalowesha majivu.

Na Dadi? Bado analilia kidonge?
Unamwambia yeye damu yake ilipimwa ikaonekana safi,
anagaragara chini: kwa nini dada tu, kwa nini mama tu!
Beba hizi, punje nyeupe, nzima, nimezichagua.
Kila saa mbili mpe moja mkononi,
naye awe na chake cha kutafuna.

Alhamisi ya kliniki usiseme huna nauli.
Msimu uko mbali, najua, mifuko imekauka;
kibubu kile pale, kitikise, kinaitika.
Sikukopeshi. Mimi nilipewa na mtu
ambaye naye hakunikopesha.
Watoto watakula hapa.
Na kile kikombe alichokutengea mama mkwe,
chenye alama ya rangi ya kucha kwenye mkono,
kilete. Nitakinywea mimi chai,
barazani, saa nne, watu wakipita kwenda sokoni.

Haya, jua hilo.
Nionyeshe mikono.
Huku sawa. Huku sawa.
Kidole cha mwisho umekisahau, Somoe.
Lete nikupake.